Kliniki ya wajawazito kwa kikundi: namna ya kuiendesha katika zahanati ya kijijini

Mama anayehudhuria kliniki katika zahanati nyingi za vijijini mkoani Dodoma huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, huweka kadi yake juu ya meza ili apate namba, kisha hukaa kwenye benchi mpaka saa sita au saa saba mchana. Anapoingia chumbani hupimwa presha, hushikwa tumbo, hupewa vidonge vya kuongeza damu na kuandikiwa tarehe ya kurudi, na yote hayo huchukua dakika kumi, pengine pungufu. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi nikiwa muuguzi mkunga, na ninakiri kwamba wapo akina mama niliowahudumia mimba nzima bila kuzishika sura zao, achilia mbali majina.

Kliniki ya kikundi huchukua saa zilezile na watumishi walewale, ikazipanga upya. Akina mama kumi wenye mimba zinazokaribiana umri huitwa siku moja na saa moja, na badala ya kila mmoja kupata dakika zake kumi na mbili peke yake, wote hukaa pamoja na mkunga kwa saa mbili. Kwa mkunga hesabu haibadiliki, lakini mama aliyezoea dakika kumi na mbili sasa ana saa mbili nzima. Nimeuandika mwongozo huu kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotaka kuianzisha, na nimeuegemeza kwenye yale ambayo akina mama walinieleza baada ya kuipitia, kwa kuwa mengi niliyoyakosea mwanzoni ni wao walionisahihisha.

Utaratibu ulikotoka na kiasi cha kuuamini

Kwa namna unavyofundishwa leo, utaratibu huu ulianzia Marekani katika miaka ya 1990 kwa juhudi za mkunga Sharon Schindler Rising, aliyechoka kurudia maneno yaleyale chumbani kwa kila mama. Aliujenga juu ya mambo matatu, ambayo ni kupimwa afya, kujifunza kwa mazungumzo, na kujuana. Tangu hapo umejaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Malawi, Kenya, Nigeria, Rwanda na Tanzania yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2016 iliyopandisha mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi yasiyopungua manane, liliutaja kuwa njia inayoweza kutolewa chini ya utafiti, pale mama mwenyewe anapoichagua na kituo kina uwezo wa kuitekeleza.

Jambo hilo la mama kuchagua lisipuuzwe, kwa sababu wapo wasiotaka kukaa katika duara na majirani zao, na hao waendelee kuhudumiwa mmoja mmoja bila kununiwa. Vilevile usiwaahidi wanawake makubwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2007, lenye wanawake 1,047, lilionyesha kwamba watoto njiti walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliokuwa kwenye vikundi, lakini jaribio la Rwanda lililohusisha vituo vya afya 36 halikukuta tofauti katika umri wa mimba wakati wa kujifungua. Kinachojirudia mahali pengi ni kwamba wanawake waliopitia kikundi huridhika zaidi na huduma waliyoipata, na hilo peke yake linatosha kumfanya mkunga ajaribu. Kabla ya kuanza, zungumza na mganga mfawidhi wako pamoja na mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, kwa sababu ratiba ya mahudhurio na utoaji wa dawa vitaguswa.

Kukusanya kikundi

Hudhurio la kwanza libaki la mama mmoja mmoja, na lifanyike mapema, kabla mimba haijafikisha wiki 12 ikiwezekana. Hapo ndipo historia yake huchukuliwa kwa faragha, na ndipo hupimwa VVU, kaswende, wingi wa damu, kundi la damu na mkojo. Kikundi huanza baada ya hapo, karibu na wiki ya 16, nasi tulikutana tena katika wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40, tukichukua wastani wa kikundi kizima kwa kuwa si rahisi kuwapata wanawake kumi wenye wiki sawasawa. Tofauti ya wiki nne hadi sita kati ya wa kwanza na wa mwisho inavumilika. Idadi nzuri ni kati ya wanane na kumi na wawili. Chini ya hapo akikosekana mmoja mazungumzo hulegea, na juu ya hapo wapole hawapati nafasi ya kusema.

Kazi ngumu ni kujua nani yuko wapi. Kanuni ya kukisia tarehe ya kujifungua ni kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kuongeza siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu, hivi kwamba hedhi iliyoanza tarehe 10 Januari hutoa makisio ya tarehe 17 Oktoba. Kwa mama asiyeitunza kalenda ya ukutani kanuni hiyo haimsaidii mtu, lakini ukimuuliza kwa kalenda ya shamba atakujibu vizuri sana. Alikuwa anapanda au anapalilia? Uwele ulikuwa umetoa masuke? Ilikuwa kabla au baada ya ile mvua kubwa iliyokata njia? Mama mmoja alinieleza kwamba mara ya mwisho aliona siku zake juma lile walipomaliza kupura mtama, na kwa kumuuliza jirani yake aliyepura naye tuliipata tarehe ambayo kimo cha mimba kilikubaliana nayo. Usimdharau mama kwa kutokujua tarehe, kwa kuwa mara nyingi tatizo liko kwenye swali.

Mama mwenye mimba ya mapacha, kovu la upasuaji, ugonjwa wa seli mundu au presha ya siku nyingi anaweza kukaa kwenye kikundi kama wengine, mradi kadi yake ionyeshe wazi kwamba ana mahudhurio yake ya pembeni kwa daktari. Kwa habari ya mabinti wadogo, nimeona kwamba mmoja akiwekwa peke yake katikati ya wanawake wenye watoto wanne watano hatafungua kinywa mpaka ajifungue. Wakiwa wawili au watatu huanza kunong'onezana, na mnong'ono ukiachwa uendelee hugeuka swali.

Siku, mahali na kiti cha mkunga

Siku ya kliniki usiipange bila kuwauliza. Mimi niliweka Jumatano kwa sababu ilinifaa, na kwa mikutano miwili nilipata nusu ya kikundi, nikawa nawanung'unikia wasiofika. Baadaye mmoja wao aliniambia kwa upole, "Dada nesi, Jumatano ni mnada." Siku ya mnada ndiyo siku ya kuuza kuku na karanga, na ndiyo siku pekee ambayo wengi wao hushika fedha yao wenyewe. Tulihamia Alhamisi, saa tatu asubuhi, na mahudhurio yakatengemaa. Katika miezi ya Desemba hadi Machi, ambapo kila mwenye jembe yuko shambani, waliomba tuanze saa nane mchana, nami nilikubali ingawa ilinichelewesha kufunga rejista.

Mahali panaweza kuwa kivuli cha mkwaju nyuma ya zahanati kama hapaonekani kutoka barabarani, ila katika Agosti na Septemba upepo wa Dodoma hauachi karatasi wala kanga mahali pake, hivyo chumba cha chanjo siku isiyo na chanjo ni bora zaidi. Unahitaji mikeka au viti vinavyofanana, mizani, mashine ya presha inayosomeka kwa tarakimu, utepe wa kupimia, fetoskopu ya kusikilizia mapigo ya moyo ya mtoto, vipimo vya mkojo, maji safi ya kunywa na vikombe, na kona iliyokingwa kwa pazia yenye kitanda.

Nasisitiza viti vinavyofanana. Siku ya kwanza nilikalia kiti changu cha ofisini na wao wakaketi kwenye mkeka, na kila nilichouliza kilijibiwa kwa sauti moja, "Ndiyooo," kama darasani. Mkutano wa pili nilivua viatu nikaketi mkekani, miguu nimeinyoosha kama wao. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha mmoja akautazama mguu wangu, akauliza kama na mimi nilivimba hivyo nilipokuwa na mimba, na ile ikawa mara ya kwanza kwa kikundi kunihoji mimi.

Mkunga asifanye kazi hii peke yake. Anahitajika msaidizi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayefaa zaidi kwa kuwa anajua nyumba na anajua lugha. Kwetu ilikuwa Chigogo, lakini katika Kondoa itakuwa Kirangi na katika Chemba huenda ikawa Kisandawe. Mama akianza kueleza maumivu yake kwa lugha ya nyumbani asikatizwe, amalize, ndipo atafsiriwe.

Saa mbili zinavyokwenda

Sehemu ya kwanza, kama dakika 40, ni ya vipimo, na hapa ndipo akina mama wengi walisema waliona tofauti kubwa. Katika kikundi mama hujipima mwenyewe. Hupanda mizani na kusoma uzito wake, humfunga mwenzake mkanda wa presha, kisha huandika namba kwenye kadi. Wafundishe siku ya kwanza kwamba anayepimwa akae ametulia dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, asizungumze. Wafundishe pia maana ya namba: ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, mama hupumzika na kupimwa tena, na mkunga huitwa, na ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110, hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Wasiojua kusoma hujifunza kutambua tarakimu hizo kwa haraka ya kushangaza. Nilimwona mama ambaye hakumaliza darasa la pili akimshika mwenzake mkono na kumwambia, "Hii moja na nne siipendi, kaa chini kwanza," na alikuwa sahihi. Mkunga arudie mwenyewe kipimo chochote chenye mashaka, kwa sababu dhamana ya huduma inabaki kwake.

Wakati wao wanapimana, wewe uko nyuma ya pazia unawaita mmoja mmoja kwa dakika tatu au nne. Hapo unapima kimo cha mimba, unasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, unauliza lile ambalo haliulizwi mbele za watu, na unatoa dawa. Nitarudi kwenye suala la dawa, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi kuhusu siri.

Dakika zinazobaki ni za duara. Usiandae hotuba. Chagua jambo moja au mawili yanayolingana na umri wa mimba zao, kisha uliza swali ambalo jibu lake liko kwao. "Mmeelewa?" si swali, kwa sababu jibu lake ni moja tu. Uliza, "Nyumbani kwenu mjamzito hukatazwa kula nini?" na utapata kazi ya asubuhi nzima. Kikundi changu kilitaja mayai, kwamba mtoto atazaliwa hana nywele, na hapohapo mama wa watoto watano akasema alikula mayai kwa mimba tatu na watoto wote walizaliwa na nywele za kusukwa. Ningelisema mimi, wangeitikia na kwenda nyumbani kuendelea kuyakataa mayai.

Mazungumzo ya vidonge vya kuongeza damu ndiyo yaliyonionyesha thamani ya utaratibu huu. Kwa miaka nilikuwa nikiuliza, "Vidonge unameza?" na kujibiwa kwamba wanameza, huku kipimo cha damu kikikataa kupanda. Katika duara niliuliza wanaviweka wapi wakifika nyumbani. Mmoja alicheka, akasema vyake viko juu ya dari pamoja na mbegu. Wengine wakafuata: vinachefua, vinafanya choo kiwe cheusi, na kubwa kuliko yote, vinamnenepesha mtoto hadi ashindwe kupita. Hofu hiyo ya mtoto mkubwa sikuwahi kuisikia chumbani hata mara moja. Ilijibiwa na mwenzao aliyeongezewa damu katika uzazi uliopita, ambaye alieleza polepole jinsi alivyokuwa akisikia sauti za watu kwa mbali kama wako kisimani. Baada yake sikuwa na mengi ya kuongeza, isipokuwa kwamba choo cheusi ni madini chuma yanayopita na hakina madhara, kwamba kumeza usiku baada ya chakula hupunguza kichefuchefu, na kwamba damu ya mjamzito ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa pungufu.

Hapo unaweza kuingiza chakula, na uzungumzie kile kilichopo chunguni. Ugali wa uwele, mlenda, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, kunde, dagaa na maziwa ni vyakula vya Dodoma vyenye manufaa, na mama asitumwe kutafuta matunda ya bei ghali wakati mibuyu imejaa. Unga mweupe wa ubuyu una vitamini C, inayousaidia mwili kunyonya madini chuma yaliyomo kwenye mboga, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia, hivyo chai isogezwe mbele kwa saa moja au mbili. Ninazungumzia ubuyu wa mtini, kwa kuwa ule wa pakiti uliopakwa sukari na rangi ni peremende. Kuhusu kula udongo usicheke wala usikaripie. Waulize nani anaula na huutoa wapi, kisha eleza kwamba huweza kuleta minyoo na kuuzuia mwili kupata madini hayohayo tunayohangaika kuyaongeza. Aliyekaripiwa ataendelea kuula, ila kwa kujificha.

Siri

Malalamiko mazito niliyoyapata yalihusu siri, na kila moja lilikuwa la haki. Kijijini kila mtu ni shangazi au wifi wa mtu. Kikundi kikubaliane siku ya kwanza, kwa maneno yao wenyewe, kwamba ya duarani hayatoki, na makubaliano hayo yarudiwe kila mnapokutana. Lakini makubaliano ya mdomo hayatoshi, na mkunga hana budi kuupanga utaratibu wenyewe ili usimfichue mtu.

Majibu ya vipimo vya damu hayatajwi kamwe kwenye duara. Kila mama aingie nyuma ya pazia na kila mmoja akae huko muda unaokaribiana, kwani anayekaa dakika kumi wakati wengine wanakaa tatu ameshatangazwa. Akihitaji muda zaidi, mpangie siku nyingine. Kuhusu dawa, tulizoea kuwapa wote SP, dawa ya kuzuia malaria, wakiwa wameketi pamoja, kila mmoja na kikombe chake, wakimeza mbele ya mkunga kama inavyotakiwa. Ilipendeza kuona. Kisha nikakumbuka kwamba mama anayetumia dawa ya kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP, na kwamba katika duara la wanawake kumi, tisa wakiinua vikombe, wa kumi anaonekana. Tangu siku hiyo SP hutolewa nyuma ya pazia, kwa kila anayestahili, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba na kwa kupishana angalau mwezi mmoja, na kikombe cha maji humsubiri kila mmoja huko, awe anameza SP au anameza kidonge kingine.

Pazia lenyewe lilikuwa na kisa. Lilining'inia kwenye waya na upepo ukiingia dirishani lilipepea, likaonyesha miguu ya aliye kitandani. Sikuona kuwa ni tatizo. Wiki nyingi baadaye, mama mmoja alinieleza kwamba alikuwa na uchafu ukimtoka na kuwasha tangu mkutano wa pili, na kwamba kila alipotaka kusema pazia lilifunguka. Alivumilia ugonjwa wenye dawa rahisi kwa sababu ya kitambaa. Jioni ile nilishona kamba nne pembeni, mbili za juu na mbili za chini, nikazifunga kwenye kitanda.

Dalili za hatari na safari

Dalili za hatari zisisomwe kama orodha. Wape kazi ya kuigiza: ni usiku, mume amelala, nawe unatoka damu, unamwamshaje na unamwambia nini? Mwingine ana kichwa kinachouma sana na anaona maluweluwe, naye mama mkwe anasema ni uchovu. Wakiigiza, wanacheka, na katika kucheka huko hutoka maneno watakayoyatumia kweli. Hakikisha tu kwamba kabla ya wiki ya 30 kila mmoja amezitaja mwenyewe: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, tumbo kuuma sana, kupumua kwa shida, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza au kuacha kucheza.

Baada ya hapo ni mpango wa safari, na katika mkoa wetu mpango huo una jina la korongo. Mito yetu ya mchanga hukauka sehemu kubwa ya mwaka, kisha mvua moja ya Januari hulijaza korongo likakata kijiji kwa nusu siku au zaidi. Kila mama aseme kwenye duara ni korongo lipi liko kati yake na mahali atakapojifungulia, na anayejifungua katika miezi ya mvua apange kuhamia kwa ndugu aliye ng'ambo ya pili, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo, wiki mbili tatu kabla. Wote waijue namba 115 ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ambayo hupigwa bila malipo, na waandike pia namba ya bodaboda mmoja wanayemwamini. Kikundi changu kilifanya zaidi ya nilichofundisha. Kwa kuwa walizoea vikoba, walianza kuchanga kidogo kidogo kila mkutano kwa ajili ya nauli ya atakayetangulia kushikwa na uchungu, na mweka hazina alikuwa yule binti mdogo kuliko wote, kwa hoja kwamba hana mume wa kumwomba mkopo.

Wanaume na mama wakwe

Mualiko wa waume uamuliwe na kikundi. Vikundi nilivyoviendesha vilikataa wanaume katika mikutano ya kawaida na kuwakaribisha mara moja, karibu na wiki ya 34, kwa ajili ya mpango wa safari. Mikutano ya mama wakwe waliitaka wenyewe, maana mama mkwe ndiye anayeamua nani aende hospitali mume akiwa machungani au mjini. Asiye na mume asidaiwe barua wala maelezo. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo mama alirudishwa nyumbani kwa kukosa mwenza, na sijui kama alirudi.

Anapokosekana mmoja

Mimba nyingine huharibika, na kikundi kitataka kujua. Usitangaze. Mtembelee mama, ana kwa ana, na umuulize anataka wenzake waambiwe nini na nani awaambie. Katika kikundi chetu cha pili mama alipoteza mtoto katika wiki ya 31. Aliniambia niwaambie tu wasije na zawadi za mtoto. Walikwenda watatu, wakamtekea maji, wakampikia, wakakaa. Miezi kadhaa baadaye alinieleza kwamba waliokwenda walikuwa wale wasiokuwa ndugu zake, na kwamba ndugu zake walimwambia asilie. Nafasi yake kwenye mkeka iache wazi mkutano unaofuata, bila kumjaza mgeni.

Baada ya kujifungua

Mkutano wa mwisho uwekwe wiki sita baada ya mtoto wa katikati kuzaliwa, ili uoane na chanjo za wiki ya sita na uchunguzi wa mama baada ya kujifungua, na hapo mzungumze uzazi wa mpango na kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine mpaka miezi sita. Rejista ijazwe kama kawaida, kadi kwa kadi. Pembeni weka daftari dogo lenye mambo matatu tu kwa kila mkutano: waliofika, aliyepewa rufaa na kwa nini, na swali moja ambalo hukuweza kulijibu, ulilete mkutano ujao likiwa na jibu.

Mkutano huohuo wa mwisho uunganishe na mkutano wa kwanza wa kikundi kinachofuata, watu wakae pamoja kwa nusu saa na wewe uende ukapange dawa. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilisimama stoo nikisikiliza wageni watauliza nini kwanza, nikitarajia uchungu au upasuaji. Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, ikauliza kama pale kwenye kitanda watu wa nje wanaona.

"Hawaoni," akajibu mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Vuta ile kamba ya chini, halafu funga."